Desktopu ya Linux inakufa ukitoka konsoli ya maandishi? Usiriboti kwanza

Umebonyeza Ctrl+Alt+F3 uende konsoli ya maandishi ukaue programu iliyoganda, umemaliza shughuli yako, unarudi unakuta skrini nyeusi tii, au mbaya zaidi unakuta inakuomba paswedi upya na kila kitu ulichokuwa umefungua kimepotea. Mimi ilinikuta nikiwa na kazi ya masaa mawili sijaisevu, na kilichoniuma zaidi ni kwamba niliriboti palepale kwa hasira, logi zangu (rekodi za yanayotokea ndani ya mashine) zilikuwa zinakaa kwenye memori tu, kwahiyo ushahidi wote ukaondoka na umeme. Ikabidi nisubiri litokee tena ndo nianze kutafuta. Kwahiyo kama uko kwenye hiyo hali sasa hivi, acha kwanza kuriboti na acha kuinstoli madraiva ovyo, jua kwanza ni kitu gani kimekufa.

Na kabla hata ya hapo, hakikisha kweli kuna kilichokufa. Watu wengi wanarudi na F7 kwa mazoea ya zamani, wanakuta weusi na kamstari kanapepesa, wanaona imekrashi, kumbe desktopu yao ipo F2. Ubuntu ya siku hizi inayotumia GDM (programu ya GNOME ya kuingilia) kawaida inaweka ukurasa wa kuingilia kwenye konsoli ya 1 na sesheni yako kwenye ya 2, na ukienda F1 utaona inakuomba paswedi utadhani umetupwa nje. Ingia konsoli ya 3 andika

loginctl

alafu angalia safu ya TTY (namba ya konsoli), mbele ya jina lako kama kuna tty2 basi rudi na Ctrl+Alt+F2, na kama umeshazoea terminali andika sudo chvt 2. Ukikuta kila kitu kipo hai, hongera, huna tatizo.

Kama sesheni ya picha haipo kabisa kwenye hiyo orodha, ndo imekufa kweli, na hapa inabidi uelewe kidogo kinachotokea. Kadi ya picha inakuwa na bwana mmoja tu kwa wakati mmoja. Ukihama konsoli, Xorg, ile programu inayosimamia picha za desktopu (au kama uko Wayland, mfumo mpya zaidi wa picha, ile programu inayochora madirisha yenyewe, mfano GNOME Shell au KWin) inaambiwa iachie kadi na kibodi na mausi, keneli (kiini cha Linux) inachukua skrini na kuandika maandishi yake. Ukirudi, inabidi Xorg iikamate kadi upya na kuipangia skrini upya, saizi ya picha, kasi, kila kitu. Hapo kwenye kuikamata upya ndo penye balaa, draiva ikikataa Xorg inakata tamaa na kujizima, na ikijizima inaondoka na programu zote zilizokuwa zinachora kupitia kwake. Ndo maana hata kama tatizo lilikuwa la sekunde moja, brauza yako na document yako vinaondoka vyote.

Sasa logi. Ukiwa bado kwenye konsoli ya maandishi:

journalctl -b --since "10 min ago"
journalctl -k -b
coredumpctl list

Ya kwanza inakupa yote ya dakika kumi zilizopita, ya pili ni maneno ya keneli peke yake, ya tatu, kama imeinstoliwa, inakuonyesha programu zilizoanguka na kuacha maiti. Logi ya Xorg yenyewe inakaa /var/log/Xorg.0.log au ~/.local/share/xorg/Xorg.0.log, na kumbuka Xorg mpya ikishawaka ile ya zamani inabadilishwa jina inaishia na .old, hiyo ndo unayoitaka, usisome mpya ukashangaa mbona haina kosa. Ukiingia kupitia GDM maneno ya Xorg yanakuwa ndani ya journalctl. Tafuta mistari yenye (EE). Ukikuta hii

(EE) EnterVT failed for screen 0

basi umempata, ni kile nilichoeleza juu, Xorg imerudi ikashindwa kuikamata kadi. Kwenye logi za keneli tafuta GPU HANG kwa Intel, mstari wenye ring na timeout kwa amdgpu (draiva ya AMD), au NVRM: Xid kwa Nvidia, ukiona moja ya hizo ujue kadi au draiva yake ndo imeganda na Xorg ni marehemu wa pili tu, usihangaike na setingi za desktopu.

Kama ulisharestati na unataka logi za mara iliyopita ni journalctl -b -1, ila inafanya kazi tu kama logi zinaandikwa diskini. Kama hazikai, fanya sudo mkdir -p /var/log/journal alafu urestati systemd-journald (ile inayoandika logi). Fanya leo, usisubiri.

Na kama skrini imeganda kiasi kwamba hata konsoli haifunguki? Kama uliwasha SSH (njia ya kuingia kwenye mashine kupitia mtandao) ingia kutoka mashine nyingine, hiyo ndo njia nzuri kuliko zote kwasababu mara nyingi mashine nzima inakuwa hai, kilichokufa ni picha tu. Kama huna, jaribu Alt+SysRq+R (SysRq mara nyingi ni batani ya PrtSc), hiyo inainyang'anya desktopu kibodi, alafu ubonyeze Ctrl+Alt+F3 tena. Baadhi ya mifumo inazima hizo batani, angalia /proc/sys/kernel/sysrq mapema.

Kwenye kutengeneza, anza na cat /proc/cmdline, inaonyesha maagizo ambayo keneli ilipewa wakati wa kuwaka. Ukiona nomodeset, mara nyingi ni mabaki ya siku ya kuinstoli, inazuia keneli isiiendeshe kadi inavyotakiwa. Itoe kwenye /etc/default/grub, endesha sudo update-grub (kwa Debian na Ubuntu), riboti. Pia angalia kama una /etc/X11/xorg.conf ya zamani, ihamishe pembeni usiifute, mashine nyingi za sasa haziihitaji kabisa.

Wenye Nvidia, draiva ya kampuni:

sudo cat /sys/module/nvidia_drm/parameters/modeset

Ikisema N, tengeneza faili ndani ya /etc/modprobe.d/ lenye mstari options nvidia-drm modeset=1, alafu ujenge upya initramfs, faili ambalo keneli inaanzia nalo wakati wa kuwaka (update-initramfs -u kwa Debian na Ubuntu, dracut -f kwa Fedora, mkinitcpio -P kwa Arch) na uriboti. Wenye Intel, angalia kama una pakeji ya xserver-xorg-video-intel, Debian wenyewe wanashauri usiitumie kwa vifaa vya kuanzia kama 2007 kuja huku, ukiitoa Xorg inatumia draiva yake ya ndani ya modesetting. AMD mara nyingi ni suala la keneli na fimuwea (programu ya ndani ya kadi), jaribu keneli ya zamani kidogo kwenye menyu ya GRUB, ile inayotokea mashine ikiwaka, kama tatizo linapotea basi umeshajua limeingilia wapi.

Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati, tafadhali, ukibadilisha vitatu kwa mkupuo hutajua kipi kimekusaidia. Na kila ukibadilisha pima, sevu kazi zako zote, ingia kwa SSH na uache hii ijizungushe yenyewe:

for i in $(seq 10); do sudo chvt 3; sleep 5; sudo chvt 2; sleep 5; done

Hiyo 2 weka namba ya sesheni yako. Mimi yangu ilikuwa inaanguka mzunguko wa tatu au wa nne, mara ya kwanza ilikuwa inapita salama kabisa, kwahiyo usishangilie jaribio moja.

Ukiwa na kazi isiyoweza kusubiri na bado hujapata dawa, kwenye Xorg unaweza kufunga kabisa njia ya kuhama konsoli ili kidole kisikuponze, faili ndani ya /etc/X11/xorg.conf.d/:

Section "ServerFlags"
    Option "DontVTSwitch" "true"
EndSection

Ila hakikisha SSH inafanya kazi kabla hujaiweka, maana ukishaiweka desktopu ikiganda Ctrl+Alt+F3 haitakusaidia tena.