Mafunzo ya viongozi pale ofisi imegawanyika kisiasa: unaanzia wapi

Kama wewe ni afisa utumishi au msimamizi hapa Dodoma na umeambiwa andaa semina ya viongozi sababu watu ofisini hawaongei kisa siasa, usikimbilie kutafuta ukumbi. Zunguka kwanza kwa wasimamizi mmoja mmoja uulize kazi gani imekwama na imekwama kwa nani, basi, mambo ya nani ana kadi ya chama gani usiyaguse kabisa maana ukiuliza tu hilo swali umeshaharibu. Utashangaa, mengi yanayoitwa siasa hapa mjini yana mzizi mwingine. Serikali ilivyoanza kuhamia huku kwa kasi 2016 walikuja watu wengi kutoka Dar, wenyeji wakaona wageni ndo wanapewa safari na kukaimu nafasi, wageni nao wakaona wenyeji wanawabania, halafu kila upande ukatafuta lugha ya chama ya kusemea hasira zake. Hilo hulimalizi kwa semina ya itikadi, unalimaliza kwa orodha ya safari, nitairudia chini.

Muda nao uangalie. Aprili mpaka mwisho wa Juni ni Bunge la Bajeti, kumbi ni za shida, hoteli bei juu na mji mzima unaongea siasa tu, subiri lipite. Na tukumbuke kuna watu walipoteza ndugu kwenye vurugu za uchaguzi wa Oktoba 29, 2025, kwa hiyo ule utani wa kuchangamsha ukumbi asubuhi uupime vizuri, hujui aliyekaa mbele yako amezika nani.

Fanyia hapohapo ofisini, nusu siku, watu kumi na mbili hivi wanatosha. Posho wataulizia, wajibu mapema kabla hawajaja. Na tafadhali msialike mgeni rasmi! Mkuu wa wilaya akishafungua semina na hotuba yake na picha ya pamoja, nani tena atafungua mdomo aseme anaonewa kwa msimamo wake? Simu zikae kwenye mikoba, hakuna kurekodi wala kupost status.

Fungua kwa kusoma sheria kwa sauti. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza kumbagua mfanyakazi kwa maoni yake ya kisiasa, dini, kabila na mengine kadhaa, na aliyebaguliwa kwenye ofisi isiyo ya serikali anaweza kupeleka malalamiko CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi; mtumishi wa umma anaanzia kwanza kwenye taratibu za rufaa za utumishi wa umma. Dakika kumi tu zinatosha. Faida yake ni kwamba msimamizi haonekani analeta huruma zake binafsi. Kama ni ofisi ya serikali ongezeni na maadili ya utumishi wa umma, kazini hakuna kufanya siasa, wa chama tawala na wa upinzani wote sawa.

Sasa muda wote uliobaki ni mazoezi, wawili wawili, mihadhara achana nayo. Zoezi ninalolipenda ni la dereva. Msimamizi kijana, dereva mtu mzima kada wa siku nyingi, jana wakiwa njiani kwenda Kongwa alimwambia dada mmoja wa takwimu "shuka ukapande gari la chama chako". Wengi kwenye zoezi wanaanza "mzee tuheshimiane", hapo dereva hajaambiwa kitu. Jaribuni hivi:

"Shikamoo mzee. Mzee wangu, msimamo wako ni wako na sijaja kuugusa. Jana ulimwambia dada yule ashuke kwenye gari la ofisi. Hilo lisirudie tena, gari ni la kazi."

Anayeigiza dereva lazima ajibu kama dereva, "we mtoto unanifundisha siasa?", na hapo ndo pagumu, kijana anataka aanze kubishana mambo ya chama. Asibishane. Arudie sentensi ileile kwa sauti ileile, adabu palepale, anyamaze. Rudieni mpaka iwezekane bila kucheka.

La pili ni grupu la WhatsApp la kazini, saa tatu usiku mtu katupia kipande cha mwanasiasa, mwingine kajibu "hao ndo wezi wenu". Kila mtu aandike kwenye karatasi angejibu nini, zisomwe. Inayofanya kazi ni fupi: "Wakuu, grupu hili ni la ratiba na kazi. Video na majibu yake vyote vifutwe, asanteni." Kesho yake unawaita mmoja mmoja, na unaanza na yule ambaye ofisi nzima inajua mnafanana kisiasa. Ukianza na wa upande wa pili, hata uwe na haki vipi, umeshasomeka.

Wawezeshaji wengi wanapenda kusema siasa kazini tuichukulie kama Simba na Yanga, tutaniane yaishe. Mi siafiki. Hakuna aliyenyimwa kukaimu sababu ni Yanga. Mtu anayeona mkate wake uko hatarini ukimtania unamuudhi zaidi.

Sasa ile orodha. Kabla hamjatawanyika kila msimamizi aondoke na kazi moja: aandike kwenye idara yake nani kasafiri, nani kapata ovataimu, nani kakaimu kwa miezi sita iliyopita, madereva na wahudumu wakiwemo. Baada ya mwezi mnakaa tena saa moja, orodha mezani. Kama majina ni yaleyale msimamizi aeleze kwa nini, mbele ya wenzake, na safari inayofuata ipangwe hapohapo kabla watu hawajanyanyuka.