Kupasuliwa tumbo bila kovu: mambo ya kuzingatia kabla

Mgonjwa akiambiwa atatolewa mfuko wa nyongo kupitia ukeni, bila kisu kugusa ngozi ya tumbo, huuliza kwanza kuhusu kovu. Ningependa aanze kuuliza kuhusu vijidudu.

Tarehe 2 Aprili 2007, mjini Strasbourg, Ufaransa, timu ya Jacques Marescaux ilimfanyia mwanamke mmoja upasuaji wa namna hiyo. Mwaka 2004 Anthony Kalloo na wenzake wa Johns Hopkins, Marekani, walikuwa wamechapisha majaribio yao kwa nguruwe: waliingilia mdomoni, wakatoboa mfuko wa chakula, wakatokea kwenye uwazi wa tumbo, yaani nafasi iliyo nje ya mfuko wa chakula na utumbo. Hofu zilikuwa mbili: vijidudu kuingia, na tundu kutozibika vizuri.

Ngozi unaipaka dawa, basi. Mdomo, uke na njia ya haja kubwa, milango ya upasuaji huu, vina vijidudu vinavyoishi humo siku zote bila kudhuru. Vikivuka kuingia kwenye uwazi wa tumbo, vinaweza kuleta usaha. Mfuko wa chakula una asidi inayoua vingi, utumbo mpana ndio umejaa kuliko kote. Tundu la ukeni daktari analiona na kulishona kwa urahisi, ndiyo maana njia hiyo imetumika zaidi kwa binadamu.

Kwa hiyo wiki chache kabla, sema kila kitu. Dawa za vidonda vya tumbo kama omeprazoli hupunguza asidi, na vijidudu huongezeka. Usiache mwenyewe, mwambie daktari aamue. Uchafu wenye harufu, muwasho, mkojo unaochoma, vyote vitibiwe kwanza hata tarehe ikisogezwa. Na tafadhali, dada yangu, usijisafishe ndani kwa sabuni, ndimu wala manukato ukidhani unamrahisishia daktari kazi. Unaua bakteria walinzi wa uke na kuwaachia nafasi wabaya. Timu itakusafisha yenyewe. Sukari iwe imedhibitiwa, sigara iachwe angalau wiki 4 kabla. Siku ya kuamkia upasuaji oga kwa sabuni ya kawaida, wala usinyoe kwa wembe, maana mikwaruzo yake ni njia ya vijidudu.

Kwenye kifaa ndipo nitakaza zaidi. Kamera inayopinda ina mfereji mwembamba ndani yake, wa milimita chache tu. Brashi ndefu husukumwa toka mwanzo hadi mwisho, ikatoka na ute, ikasuuzwa, ikarudishwa tena mpaka itoke safi. Ute ukiachwa ukakauka humo, dawa ya kulowekea haivifikii vijidudu vilivyojificha chini yake. Kamera ya kuangalia mfuko wa chakula kwa kawaida, baada ya brashi, hulowekwa dawa tu, na inatosha, kwa sababu haitoki nje ya njia ya chakula. Inayokwenda kwenye uwazi wa tumbo inatakiwa itakaswe kabisa, yaani vijidudu vyote vife. Uliza bila aibu: yenu mnaitakasa vipi? Uliza pia sindano ya antibiotiki utachomwa saa ngapi. Kwa kawaida ni ndani ya dakika 60 kabla ya kuanza.

Kabla hujalazwa, andika namba ya simu ya wodi na upange nani atakurudisha hospitali usiku. Homa ya nyuzi 38 au zaidi, tumbo kuwa gumu, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, au majimaji yenye harufu: usisubiri kliniki ya Jumatatu.