Kupanda volkano ya tropiki mkiwa wawili

Anzeni saa kumi usiku. Ikifika saa tano asubuhi mara nyingi mawingu yameshafunika kilele. Kila mmoja abebe lita 3 za maji, tochi ya kichwani na sweta. Ndiyo, sweta: kila mita 1,000 mnazopanda, joto hushuka takribani nyuzi 6. Mwenye mwendo wa polepole atangulie.

Ila kwenye changarawe msifuatane, maana jiwe analoling'oa wa juu humpata wa chini. Achaneni kwa pembeni. Mkiteremka, kanyageni kwa kisigino.

Kreta, yaani shimo la kileleni, ikifuka moshi, simameni upande unakotoka upepo. Msiingie kwenye vishimo: gesi ya kaboni dayoksaidi inayotoka kwenye volkano ni nzito kuliko hewa, hutuama humo, na haina harufu. Kitambaa chenye maji hakiizuii.