Kozi ya Kiingereza levo ya kati ukiwa mtu mzima: jinsi ya kuisoma mpaka mdomo ufunguke

Naandika hii kwa ajili ya wenzangu, yaani wewe uliyemaliza fomu foo, imeili ya Kiingereza unaisoma unaielewa, habari za BBC unafuatilia, ila mgeni akisimama mbele yako au simu ikiingia kwa Kiingereza mdomo unakuwa mzito kabisa. Sisi ndio levo ya kati. Shule ya msingi tulisoma kwa Kiswahili, kufika sekondari masomo yote kasoro Kiswahili yakageuka Kiingereza, tukakariri notisi, mtihani tukaufanya kwa kalamu, na miaka yote hiyo hakuna aliyetukalisha chini akasema haya ongea dakika tano. Kwa hiyo vitu tunavijua, vingi tu, ila vimebaki kwenye macho na mkono havijafika mdomoni, na kozi utakayochagua inabidi iwe ya kuvipeleka huko.

Mimi nilianza nikiwa na miaka 37, niko kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini hapa Dar, nikasoma jioni karibu mwaka mzima.

Anza kwa kupimwa, na angalia unapimwa vipi. Levo zinaandikwa A1, A2, B1, B2, C1, C2, kutoka ya chini kabisa mpaka ya juu, ni mfumo wa Baraza la Ulaya wa tangu 2001, na levo ya kati ni B1 na B2. Kituo kikikupa karatasi ya kuchagua jibu peke yake, mtu wa aina yetu atafaulu vizuri mno, atawekwa juu, halafu atakaa kimya kozi nzima kwa aibu. Omba na maongezi, hata dakika kumi na mwalimu. Wakikuambia kuandika wewe ni B2 ila kuongea ni A2, usikasirike, kaa B1 kwa moyo mmoja.

Halafu piga hesabu ya masaa kabla hujatoa hela. Cambridge, wale wa mitihani ya Kiingereza, wanakadiria mtu akianza sifuri anafika B1 baada ya masaa 350 mpaka 400 ya kufundishwa, na B2 masaa 500 mpaka 600. Tuseme basi unahitaji kama masaa 200 kupanda levo moja. Ukisoma Jumatatu, Jumatano na Ijumaa masaa mawili mawili, hayo ni sita kwa wiki, kwa hiyo ni wiki 33 hivi, miezi nane kasoro. Tangazo linalokuambia utaongea fasaha ndani ya mwezi mmoja liache hapo hapo kwenye nguzo ya umeme. Lipa kwa awamu kama wanaruhusu, na chagua sehemu iliyo kati ya kazini na nyumbani, maana foleni ya jioni ndiyo inayowatoa watu wazima darasani, ugumu wa somo unawatoa wachache sana.

Kabla ya kujiandikisha omba ukae kipindi kimoja uangalie, ukae na saa yako uhesabu dakika ambazo wanafunzi wanaongea. Kituo changu cha kwanza, sikitaji, tulikuwa karibu 40 na mwalimu aliongea masaa mawili mfululizo, mzuri kweli, anachekesha, tunaandika madaftari yanajaa, mwezi mzima mimi nikawa nimetamka labda sentensi sita. Nililipa hela yangu kumsikiliza mtu mwingine akifanya mazoezi! Cha pili tulikuwa 11, mwalimu anatupa mada, tunagawanyika wawili wawili, yeye anapita anasikiliza anaandika makosa kwenye kidaftari, mwisho anayaweka ubaoni bila kutaja la nani. Ukikuta darasa la namna hiyo shika nafasi siku hiyo hiyo.

Kuna jambo la umri ambalo watu hawalisemi. Ticha wangu alikuwa rika la mpwa wangu, mlangoni ananipa shikamoo, ndani ananisahihisha mbele ya watu, na mwanzoni lilinikaa vibaya, nikawa nachagua kunyamaza ili nisikosolewe na kijana. Tukaongea, nikamwambia wazi ticha nisahihishe tu ila niache kwanza nimalize sentensi. Akakubali na nikaanza kuongea wiki hiyo hiyo. Na wewe mwambie mwalimu wako unavyotaka, umelipa na una haki hiyo.

Sasa makosa yenyewe. Vitabu vingi vimeandikiwa watu wa dunia nzima, havijui sisi tunatoka kwenye Kiswahili, kwa hiyo hapa inabidi ujisaidie. Lililonitesa kuliko yote ni ile -me- yetu. Ukiambiwa "I have finished" ni "nimemaliza" unafurahi, unaona kumbe rahisi, kila penye -me- naweka have. Halafu unasema "I have tired". Angalia hivi: nimechoka, nimekaa, nimesimama, nimevaa, nimekasirika, nimeoa, hizi zote ni hali uliyonayo sasa hivi, Kiingereza kinazisema kwa am, is, are: I am tired, I am sitting, she is wearing a red dress, I am married. Lakini nimemaliza, nimetuma, nimelipa ni kazi iliyofanyika ikaisha, hapo ndio have inakaa: I have sent the documents. Jiulize kila mara, ni hali au ni kazi iliyoisha? Mimi niliandika orodha ya vitenzi 30 ninavyotumia kazini nikavigawa mafungu mawili nikabandika juu ya meza. Na kitu kingine, sisi tunasema "nimekuja jana" na hakuna anayeshtuka, Kiingereza ukishataja jana have inatoka, ni "I came yesterday" basi.

Kuna he na she pia. Kwetu yeye ni yeye, akiwa mama akiwa baba, kwa hiyo ubongo haujazoea kuchagua, unajikuta unasema "my mother, he is sick" na unajua kabisa ni kosa. Kusoma sheria hakusaidii maana sheria unaijua tayari. Kilichonisaidia ni kumtumia mwenzangu voisi ya dakika mbili kila usiku nikielezea siku ya mama au ya dada, yeye anahesabu makosa ananirudishia namba tu. Wiki ya kwanza 14. Baada ya mwezi na nusu yakawa mawili matatu.

Miaka pia, usiseme "I have 37 years", ni "I am 37". Na saa: saa mbili asubuhi ni eight, sio two, usije ukakosa intavyuu kwa hilo.

Matamshi tunadhani tatizo ni r na l, wakati mara nyingi ni mkazo. Kiswahili kinaweka mkazo silabi ya pili kutoka mwisho, kaRAni, maKOsa, hatufikirii hata. Kiingereza mkazo unahama hama. Mimi neno la document nililokuwa nalisema mara 50 kwa siku nilikuwa natamka dokyuMENti, kumbe mkazo uko mwanzo kabisa, DOcument, na mteja wa nje kwenye simu alikuwa ananiuliza mara tatu tatu, nadhani laini mbovu. Kila ukiandika neno jipya pigia mstari silabi yenye mkazo, na ile "i" au "u" tunayobandika mwishoni mwa neno ikate.

Nyumbani usijipangie masaa mawili, hutaweza, una familia. Dakika 20 zinatosha. Chukua kipindi cha 6 Minute English cha BBC Learning English, ni bure, chagua dakika moja tu, sikiliza uandike kila neno unalosikia, rudia mara tano sita, halafu fungua maandishi yake ulinganishe. Utashangaa maneno uliyokosa sio magumu, ni vile of, to, a, the, ambavyo wanavimeza. Kisha soma kwa sauti pamoja nao, kwenye daladala ukiwa na spika za masikioni unaweza kuchezesha mdomo tu.

Na siku ya kwanza ya kozi, kabla hujasoma chochote, jirekodi dakika mbili ukieleza kazi yako, usisome popote, ihifadhi kwenye simu na tarehe yake. Usiisikilize mpaka mwezi wa tatu wa kozi, siku hiyo jirekodi tena maelezo yale yale, kaa na ticha msikilize zote mbili, mwambie akuonyeshe kosa moja ambalo bado lipo kwenye zote, hilo ndio ulifanyie kazi mwezi unaofuata.