Jumla pungufu: kukamata hitilafu ya kusoma kwenye programu ya C

Karani wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) ya kahawa kule Mbozi ana faili la kilo kwenye flashi, kila mstari uzito mmoja, na programu yako inajumlisha. Faili likiisha salama, fgets, kazi ya C inayosoma mstari mmoja mmoja, inarudisha NULL (yaani “hakuna kitu”). Flashi iliyochakaa ikigoma katikati, fgets inarudisha NULL hiyohiyo. Usipotofautisha, inatoka jumla ya nusu faili, safi kabisa kwa macho, na mkulima analipwa pungufu. Heri programu ingekataa kazi.

Hatua ya 1. Soma kama kawaida (stdin ni njia ya kuingizia data, strtod hugeuza maandishi kuwa namba):

```
char mstari[128];
double jumla = 0;
while (fgets(mstari, sizeof mstari, stdin) != NULL)
    jumla += strtod(mstari, NULL);
```

Utakuta watu wanazungusha kwa `while (!feof(stdin))`. Achana nayo. feof hujua mwisho umefika baada tu ya jaribio la kusoma kugonga mwisho, kwa hiyo asiyekagua jibu la fgets hujumlisha mstari wa mwisho mara mbili. Hitilafu ikitokea ndiyo balaa: feof haiwi kweli, programu inazunguka mpaka uiue.

Hatua ya 2. Kabla ya kuchapisha chochote, uliza kilichousimamisha mzunguko (ferror husema kama kulitokea hitilafu ya kusoma):

```
if (ferror(stdin)) {
    perror("jumla: kusoma kumeshindikana");
    return 1;
}
printf("%.1f\n", jumla);
```

Usiweke printf juu ya perror. Inaweza kubadilisha errno (namba inayotunza sababu ya hitilafu, ambayo perror huisoma), ukapata sababu isiyo yenyewe. perror huandika kwenye stderr, njia ya ujumbe wa makosa iliyo tofauti na ya majibu, hivyo hata karani akielekeza majibu kwenye faili, onyo litabaki kwenye kioo. Ile 1 ni ya skripti: `./jumla < kilo.txt && ./lipa` haitafika kwenye malipo.

Hatua ya 3. Jaribu, bila kuharibu flashi ya mtu:

```
./jumla < /tmp; echo $?
./jumla <&-; echo $?
```

Kwenye Linux folda, kama /tmp, hufunguka bila shida. Kusoma ndiko kunakokataliwa. Amri ya pili inafunga stdin kabisa. Zote zitoe ujumbe na 1, bila jumla yoyote.

Mstari ulioandikwa “mvua” badala ya kilo ni kesi nyingine: umesomeka vizuri, ila strtod inaupa 0 kimyakimya. Badala ya NULL, mpe strtod anwani ya kielekezi. Kisiposogea kutoka mwanzo wa mstari, taja namba ya mstari kwenye stderr na utoke kwa 1 vilevile. Faili tupu liache litoe 0.0.