SOMO: Mfungamano wa kwantamu na kukiuka umahali si kitu kimoja

Wakuu, swali ni lile lile kila mara: "Chembe zikiwa na mfungamano, si tayari zimekiuka umahali?" Hapana. Mfungamano ni chembe mbili kuwa na hali ya pamoja isiyoweza kuelezwa kwa kila moja peke yake. Kukiuka umahali ni majibu yao kutoelezeka kwa kila chembe kubeba majibu yake bila kuathiriwa na upande wa pili; hapa chini, dalili yake ni kuvuka 2. Naliweka hapa ili nikiulizwa tena nitume hii. Shika kikokotoo.

Hatua 1. Fotoni (chembe za mwanga) mbili zenye mfungamano kamili: moja kwa Asha, nyingine kwa Juma, mbali. Kila mmoja ana kichujio cha mwanga anachokigeuza kwa pembe; wakitumia pembe moja, majibu hufanana daima.

Hatua 2. Vichujio vya Asha: nyuzi 0 au 45. Vya Juma: 22.5 au 67.5. Fotoni ikipita andika +1, ikizuiwa −1.

Hatua 3. Zidisha jibu la Asha kwa la Juma, tafuta wastani kwa kila jozi ya pembe. Nadharia ya kwantamu inasema wastani huo ni kosini ya (2 × tofauti ya pembe).

Hatua 4. Jumlisha wastani tatu, toa mmoja. Hapa wengi wanaharibu. Unaotolewa ni wa 0 na 67.5 tu, ukitoa mwingine unapata sifuri. Na usisahau ile mara mbili! Ukiisahau unapata 2.39, namba inayovuka 2 na kukufanya uamini umepatia. Jibu sahihi ni 2.83. Wanafizikia Bell mwaka 1964, kisha Clauser na wenzake 1969, walionyesha kwamba kama kila fotoni ingebeba majibu yake tayari bila kuathiriwa na kinachofanyika upande wa pili, usingevuka 2. Onyo lingine: usitupe jozi za chembe baada ya kuona majibu. Jaribio la Delft (Uholanzi) la 2015, vituo vikiwa kilomita 1.3, lilihesabu kila jozi iliyotangazwa kuwa tayari, bila kuchagua kwa majibu, likapata 2.42.

Hatua 5. Tia kelele. Sehemu p (kati ya 0 na 1) iwe mfungamano kamili, iliyobaki iwe kelele tupu, yaani majibu ya bahati nasibu. Jibu linakuwa p mara 2.83, kwa hiyo p ikishuka chini ya 0.707 huvuki 2. Lakini mfungamano wenyewe unaendelea kuwepo hadi p ifike theluthi moja! Weka p = 0.4: mfungamano upo, jibu ni 1.13. Mwanafizikia Werner alionyesha 1989 kwamba vipimo vya kawaida vya hali hiyo, kwa pembe yoyote, vinaelezeka kwa majibu yaliyobebwa tangu mwanzo. Kinyume chake hakipo: bila mfungamano hutavuka 2.

MASWALI

— Kwa hiyo naweza kutuma meseji kwa kasi kuliko mwanga?
Hapana. Juma peke yake anaona nusu +1, nusu −1, Asha afanye afanyavyo.

— Mkuu hujaeleza kelele inafanya nini.
Hatua ya 5. Isome.

— Na pasipo kelele kabisa, je, mfungamano hafifu unatosha?
Swali zuri sana. Unatosha. Mwanafizikia Gisin alithibitisha 1991 kwamba hali safi (isiyo na kelele) yoyote yenye mfungamano, hata kidogo, inavuka 2 ukichagua pembe zinazofaa. Tofauti niliyoonyesha inatokea kwenye hali zilizochanganyika, kama ile yenye kelele ya Hatua 5. Jaribu kutafuta pembe hizo mwenyewe, ukikwama niandikie.

— Excel inanipa 2.57 badala ya 2.83, somo lako lina kasoro.
Somo halina kasoro. Excel inasoma pembe kwa radiani, si kwa nyuzi. Andika COS(RADIANS(45)).

— Asante kwa hiyo ya radiani, imenisaidia kwenye hesabu za paneli za sola.
Karibu. Kwa pembe za jua tumia pia DEGREES unaporudisha jibu.