Namba tisa zinaweza kukuambia nini? Kutoka wastani hadi hitimisho

Nilichota simu 9 za wateja kwa nasibu kati ya maelfu ya simu za mwezi mmoja. Zilidumu dakika hizi:

4, 5, 5, 6, 6, 7, 7, 8, 42

Tunataka kujua wastani wa simu zote za mwezi ule.

Hatua ya 1: Uliza data zimetoka wapi. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilikusanya maoni ya watu zaidi ya milioni 2, likatabiri kwamba Landon atashinda urais. Roosevelt akazoa majimbo 46 kati ya 48. Majina yalitolewa zaidi kwenye orodha za wenye simu na magari, na wengi waliotumiwa karatasi hawakuzirudisha. Sampuli ikiwa imepinda, ukubwa wake hauinyooshi. Ukiwa na shaka hapa, usiendelee.

Hatua ya 2: Zitazame kwanza. Jumla ni 90, wastani 10. Ajabu, simu 8 kati ya 9 ziko chini ya huo wastani! Namba ya katikati, yaani mediani, ni 6. Mbili hizi zikiachana hivyo, kuna namba inayovuta. Usiifute kwa kuwa inakuudhi; rudi kwenye kumbukumbu za awali. Mimi nilikuta 4.2, nukta ilidondoka wakati wa kuandika. Wastani ukashuka hadi 5.8. Mediani haikutikisika. (Ingekuwa 42 ya kweli, ningeiacha.)

Hatua ya 3: Pima mtawanyiko. Tafuta tofauti ya kila namba na 5.8, izidishe kwa yenyewe, kisha jumlisha zote: 14.88. Gawa kwa 8, yaani idadi ukitoa moja: 1.86. Kipeuo chake cha pili ni 1.364, ndio mchepuko sanifu.

Hatua ya 4: Wastani wenyewe unayumba kiasi gani? Gawa 1.364 kwa kipeuo cha pili cha 9, yaani 3. Unapata 0.455, kosa sanifu. Ukitaka lipungue kwa nusu utahitaji simu kama 36, 18 hazitoshi.

Hatua ya 5: Weka mipaka. Wengi huzidisha kosa sanifu kwa 1.96 kwa mazoea, ila hiyo ni ya sampuli kubwa. Kwa namba 9, jedwali la t, yaani orodha ya vizidisho vya sampuli ndogo, linatoa 2.306. Zidisha kwa 0.455: 1.05. Itoe kwenye 5.8, kisha iongeze kwenye 5.8: basi mipaka ya uhakika wa asilimia 95 ni dakika 4.75 hadi 6.85.

Hapa ndipo watu huteleza, wakadhani asilimia 95 ya simu zimo humo. Hesabu mwenyewe: zilizomo ni 5, 5, 6 na 6 tu. Mipaka inahusu wastani wa simu zote. Ukirudia zoezi hili kwa sampuli mpya mara nyingi, takriban mara 95 katika kila 100 mipaka utakayopata itaunasa wastani wa kweli.

Kwa hiyo bosi akisema wastani ni dakika 8, data zinampinga. Akisema 5, huna cha kumpinga nacho, lakini hujamthibitisha pia: hata anayesema 6.5 yumo ndani ya mipaka ileile.